Jengo Lililogawanywa Kanda: Serikali na Utalii katika Hekalu la Borobudur



Yamkini baadhi yenu mmejiuliza jengo la Wabudha katika kisiwa cha Java linatafuta nini katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa njia mbili, moja ya bahari na moja ya maneno, kabla ya kuingia katika historia yenyewe.

Tuanze na bahari. Katika kuta za Borobudur, zilizochongwa kiasi cha miaka 1,200 iliyopita, imo michongo ya vyombo vya baharini, na iliyo mashuhuri kuliko yote inaonyesha merikebu yenye matengo, yaani zile mbao zinazoelea ubavuni ili chombo kisipinduke. Mvuvi wa Unguja au Bagamoyo akioneshwa mchongo huo hatahitaji maelezo, maana atakuwa ameiona ngalawa yake ikiwa imekuzwa. Wanahistoria wengi wa vyombo vya bahari huihusisha ngalawa na mabaharia waliotoka visiwa ambavyo leo huitwa Indonesia, watu wale wale ambao lugha yao ilizaa Kimalagasi. Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kuiga mchongo huo, kikapewa jina la Samudra Raksa, kiling'oa nanga Jakarta, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikazunguka ncha ya kusini ya Afrika na kutia nanga Accra, Ghana, mwanzoni mwa 2004. Leo kimewekwa katika jumba la makumbusho lililo ndani ya bustani ya Borobudur. Kwa hiyo hatuzungumzii habari za wageni kabisa.

Njia ya pili ni ya neno. Sisi husema "hekalu", neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na katika mawazo yetu hekalu ni nyumba: lina mlango, lina ukumbi, mtu huingia akaabudu, akatoka. Borobudur halina ndani. Ni kilima kilichovikwa mawe, takriban meta za ujazo 55,000, yakapangwa ngazi juu ya ngazi. Chini ziko sakafu za mraba zilizozungukwa na kuta za michongo. Juu yake ziko sakafu tatu za duara zenye stupa 72 zilizotobolewa matundu, na katikati stupa kubwa moja iliyozibwa. Mwenye kuzuru haingii popote, bali huzunguka. Wajava wana neno lao la majengo ya kale ya namna hii, *candi*, nasi hatuna linalolingana nalo. Nitaendelea kusema "hekalu" kwa kukosa jingine, lakini naomba msikilizaji asisahau kwamba neno hilo limekwisha kutupotosha kidogo. Hoja yangu ya leo inahusu maneno mengine, ya kiserikali zaidi, ambayo yamepotosha mambo makubwa kuliko hilo.

Jengo la kusomwa kwa miguu

Borobudur lilijengwa na watawala wa ukoo wa Sailendra, kati ya mwishoni mwa karne ya 8 na miongo ya mwanzo ya karne ya 9. Lina sanamu 504 za Buddha na mabamba 2,672 ya michongo, na kati ya hayo 1,460 yanasimulia hadithi. Msomaji wake alitakiwa atembee akiwa ameliweka jengo upande wa mkono wa kuume, azunguke sakafu ya kwanza, apande ya pili, azunguke tena. Muislamu aliyepata kutufu Kaaba ataelewa mara moja maana ya kuzunguka kwa ibada, ingawa yeye huiweka Kaaba upande wa kushoto. Hili si pambo la mazungumzo. Jengo hili ni matini, na matini hii ina mwelekeo wake wa kusomwa. Mgeni anayepanda ngazi moja kwa moja hadi juu, akapiga picha na kushuka, amefungua kitabu ukurasa wa mwisho.

Kuna jambo moja la kuwavutia wanaisimu hasa. Mwaka 1885 mhandisi Mholanzi J. W. IJzerman aligundua kwamba nyuma ya mawe ya kitako cha jengo umefichwa ukuta mwingine wenye mabamba 160. Mpiga picha wa Kijava, Kassian Cephas, aliyapiga picha mnamo 1890 na 1891, kisha yakafunikwa tena. Mabamba hayo yanaonyesha matendo ya watu na malipo yake: wapishi, wavuvi, wachuuzi, walevi, wagonjwa na wanaowauguza. Juu ya baadhi yake yamebaki maandishi mafupi, neno moja moja la Kisanskriti kwa hati ya Kijava cha kale, ambayo yaelekea yaliwaelekeza wachongaji kitu cha kuchonga. Umbo la hati hiyo ni miongoni mwa ushahidi unaotuwezesha kulikadiria jengo zima umri. Historia ya utawala na dini imetarikhishwa, basi, kwa maagizo ya kazi waliyoandikiwa mafundi. Leo ni kona moja tu, ile ya kusini-mashariki, iliyo wazi. Ilifunuliwa wakati Wajapani walipoikalia Java katika Vita Kuu ya Pili.

Mgeni wa serikali

Mara nyingi husimuliwa kwamba Borobudur "liligunduliwa" mwaka 1814, Thomas Stamford Raffles, aliyekuwa akiitawala Java kwa niaba ya Waingereza, alipomtuma mhandisi Cornelius kwenda kufyeka miti na kuondoa udongo. Wenyeji walioonyesha njia hawakuwa wamelipoteza, ila hawakuliandikia ripoti. Baada ya hapo Waholanzi walirudi, na usimamizi wao wa wageni unafupishwa vyema na tukio la mwaka 1896. Mfalme Chulalongkorn wa Siam, Mbudha mwenye imani ya kweli, alipozuru Java, serikali ya kikoloni ilimruhusu kuondoka na mikokoteni minane ya sanamu na mawe ya Borobudur. Baadhi ya vitu hivyo vimo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Bangkok. Mfalme yule alikuwa na heshima kwa jengo kuliko wenyeji wake wa Kiholanzi, na bado matokeo yalikuwa ni upungufu wa jengo. Serikali ilikitoa kisicho chake kwa mgeni aliyekipenda.

Theodoor van Erp alilikarabati jengo kati ya 1907 na 1911, na kazi yake ilikuwa njema, lakini hakugusa adui mkubwa, maji ya mvua yaliyozama ndani ya kilima na kusukuma kuta. Ukarabati wa kina ulisubiri serikali huru. Kwa msaada wa UNESCO na nchi nyingi, kuanzia 1975 hadi 1982, mawe zaidi ya milioni moja yalishushwa, yakasafishwa, mifereji ikawekwa, na kila jiwe likarudishwa mahali pake. Rais Suharto alilizindua jengo tarehe 23 Februari 1983. Ni kazi inayostahili sifa zote ilizopewa, na nisingependa ukosoaji utakaofuata uifunike.

Kutoka kijiji hadi bustani

Wakati mawe yakirudishwa, serikali ilikuwa ikijiuliza watalii watapokelewaje. Shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, JICA, liliandaa mpango uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpango ule uliigawa nchi iliyolizunguka hekalu katika kanda tano, moja ndani ya nyingine kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Ya kwanza ilikuwa ya jengo lenyewe, ya pili bustani ya watalii, ya tatu makazi na mashamba ya kudhibitiwa, na mbili za nje zilikusudiwa kulinda mandhari yote ya bonde pamoja na mahekalu madogo ya Mendut na Pawon. Wataalamu wa JICA walikuwa mbele ya wakati wao kwa kuona kwamba hekalu haliishii ukutani mwake. Kanda mbili za nje ndizo zilizokuwa na hekima kubwa zaidi. Ndizo pia ambazo serikali iliziacha.

Kilichotekelezwa kwa nguvu ni kanda ya pili. Mwaka 1980 liliundwa shirika la umma la biashara, *PT Taman Wisata*, maana yake "bustani ya matembezi ya utalii". Tatizo la bustani hiyo lilikuwa moja, nalo ni kwamba mahali pake palikuwa na watu. Chini ya hekalu vilikuwapo vitongoji vyenye nyumba, minazi, makaburi na soko. Familia mia kadhaa zilitakiwa kuondoka. Wako waliokubali fidia, na wako waliokataa, wengine kwa miaka, wakisaidiwa na mawakili wa kujitolea wa Yogyakarta. Kukataa hakukuwa jambo jepesi. Katika Indonesia ya Suharto aliyebishana na mradi wa taifa aliweza kuitwa mkomunisti, na baada ya mauaji ya 1965 na 1966 hakuna aliyelichukulia jina hilo kuwa tusi tu. Hatimaye nyumba zilibomolewa, nyasi zikapandwa, uzio ukajengwa, na mtoto aliyezaliwa kivulini mwa hekalu akawa mtu wa kuliendea kupitia lango.

Hapa ndipo maneno yanapofanya kazi yake. Hakuna hati iliyosema "kufukuza". Iliitwa "kusafisha mazingira ya jengo", "kuendeleza", "kupanga kanda". Neno "bustani" lilikuwa na nguvu kuliko yote, kwa sababu bustani haina historia. Mtu akiiona leo hudhani imekuwapo siku zote. Wageni wengi wanaopita katika nyasi zile wanaamini kwamba hekalu lilijengwa peke yake katika uwanja wa kijani, na kwamba wachuuzi waliokuwa wakiwazonga langoni ni wavamizi. Wengi wao walikuwa ni wana na wajukuu wa wale waliohamishwa. Mashamba yalichukuliwa na bustani, na bustani iliajiri wachache. Kilichobaki ni kuuza vinyago, kofia na kadi za picha. Kwa miaka mingi njia ya kutokea ilipindishwa ili mgeni asiweze kufika kwenye gari lake bila kupita katikati ya safu ndefu za vibanda, na mgeni akalalamika juu ya wachuuzi, si juu ya aliyeipanga njia. Mwaka 2024 wachuuzi walihamishwa tena, safari hii kwenda mahali papya palipoitwa Kijiji cha Sanaa.

Amri ya Rais Na. 1 ya mwaka 1992, iliyotolewa baada ya Borobudur kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991, iliupa mgawanyo huu sura ya sheria. Kanda ya kwanza, hekta 44.8, ilikabidhiwa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya wizara inayoshughulikia utamaduni. Ya pili, hekta 42.3, ilibaki kwa shirika la biashara, lililowajibika kwa wenye dhamana ya mashirika ya umma. Ya tatu, hekta 932, ilipewa serikali ya Wilaya ya Magelang. Kanda za nne na tano hazikutajwa kabisa. Fikirini maana yake. Mtunza mawe hakuwa na lango, kwa hiyo alitegemea bajeti ya serikali. Mwenye lango alipokea fedha za tiketi, lakini mawe hayakuwa mzigo wake. Kila mgeni zaidi kwake alikuwa faida, na kila mgeni zaidi kwa mtunza mawe alikuwa jozi moja zaidi ya viatu ikisugua ngazi. Na wilaya, iliyobeba msongamano wa magari, maji na takataka, ilikuwa na haki ndogo kuliko wote. Wataalamu wa UNESCO waliozuru miaka ya 2000 walishauri mara kwa mara kwamba usimamizi uunganishwe. Mabwana watatu, hata wawe waungwana namna gani, hawaandiki hesabu moja.

Si kwamba wenyeji walikaa kimya. Mwaka 2003 serikali ya jimbo la Java ya Kati ilipotaka kujenga jumba kubwa la biashara karibu na hekalu, mradi ulioitwa *Jagad Jawa*, wanakijiji na wasanii waliandamana, UNESCO ikapinga, na mradi ukaachwa. Suharto alikuwa ameondoka madarakani mwaka 1998, na tofauti ilionekana. Mwaka 2010 mlima Merapi ulipolipuka na kulifunika jengo kwa majivu yenye tindikali, ni wakazi wa vijiji vya jirani walioajiriwa kuyaondoa kwa mikono.

Tiketi ya rupia 750,000

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 wageni walikuwa wamezidi milioni 3 kwa mwaka, na walio wengi hawakuwa Wazungu wenye kamera bali Waindonesia wenyewe: wanafunzi wa safari za masomo, familia za sikukuu, vikundi vya kina mama kwa mabasi. Ngazi za mawe zilikuwa zimelika. Serikali ilikuwa imelitaja Borobudur miongoni mwa mahali pa kufanywa "Bali mpya", na mwaka 2017 ikaunda mamlaka nyingine juu ya zile zilizokuwapo. Kisha janga la UVIKO-19 likafunga malango mwaka 2020, na hata yalipofunguliwa watu hawakuruhusiwa kupanda juu ya jengo.

Tarehe 4 Juni 2022 Waziri Mratibu wa masuala ya bahari na uwekezaji, Luhut Binsar Pandjaitan, alitangaza kwamba wageni watakaopanda watakuwa 1,200 tu kwa siku, na kwamba mgeni wa nje atalipa dola 100 na raia rupia 750,000. Kiingilio cha raia wakati huo kilikuwa rupia 50,000. Kiasi kipya kilizidi theluthi ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi katika Wilaya ya Magelang. Mafundi mawe walikuwa sahihi kuhusu idadi, maana jiwe halijui siasa. Lakini bei ni lugha, na raia waliisoma bila kukosea: waliambiwa kwamba urithi wa taifa unalindwa dhidi yao. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla ya mwezi kwisha Rais Joko Widodo aliamua kiingilio kisipandishwe. Ukomo wa watu 1,200 ulibaki. Tangu 2023 apandaye hutangulizwa na mwongozaji na huvaa ndara laini zinazoitwa *upanat*, zilizosukwa kwa majani ya mkadi na watu wa vijiji vya jirani kwa kuiga viatu vilivyochongwa katika yale mabamba ya kitako.

Mimi huziona ndara hizo kuwa ni fikra bora kuliko zote zilizotoka katika ofisi za Borobudur kwa muda wa miaka 40. Zinalinda ngazi, zinampa msusi kazi isiyohitaji kumkimbilia mgeni, na zimetoka katika jengo lenyewe. Lakini ni kazi ya mikono michache, na haifuti hesabu ya mashamba.

Naomba niruhusiwe kurudi nyumbani kwa dakika moja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014. Katika miaka ya karibuni usimamizi wake ulikabidhiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Zipo sababu za kiutawala zinazoeleweka: mamlaka hiyo ina askari, ina magari, ina uzoefu wa kupokea watalii. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kulitazama neno "hifadhi", ambalo kwetu kwanza huleta picha ya mbuga, na mbuga kwa desturi ni mahali ambapo mtu hatakiwi kuishi. Kilwa Kisiwani ni kijiji. Watu wanalima, wanavua na kuzika katikati ya misikiti ya kale. Sisemi kwamba yaliyotokea Java yatatokea huko, ila kwamba kule pia yalianza na msamiati.

Wenye ibada

Nimewaacha mwisho watu ambao mpango wa kanda haukuwapa hata moja. Wabudha wa Indonesia hawafiki asilimia 1 ya raia, na wakazi wa vijiji vya Borobudur karibu wote ni Waislamu. Waislamu hao ndio waliolitunza jirani yao kwa vizazi, na hata bomu lililoharibu stupa tisa mwezi Januari 1985 halikutoka kwao. Tangu 1983 Waisak, sikukuu ya Buddha, ni ya kitaifa, na kila mwaka maandamano ya watawa hutembea kilomita 3 hivi kutoka Mendut hadi Borobudur. Hata hivyo kwa miongo kadhaa sheria ililitambua jengo kuwa mnara wa kale, kifaa cha elimu na kivutio. Ibada ilikuwa tukio la kuombewa kibali, na watawa walisali huku watalii wakipanda juu ya jukwaa kupata picha nzuri. Ni mwezi Februari 2022 tu ambapo wizara nne pamoja na magavana wa Java ya Kati na Yogyakarta walitia saini makubaliano kwamba Borobudur, Mendut, Pawon na Prambanan yatumike kwa ibada ya Wabudha na Wahindu wa Indonesia na wa dunia nzima.

Makubaliano hayo yamefufua maswali ambayo kanda zilikuwa zimeyalaza. Je, mwenye kusali ahesabiwe miongoni mwa wale 1,200? Alipe? Mwaka 2024 palitokea mvutano kuhusu kuirudishia stupa kuu mwavuli wa mawe: waumini wengi waliutaka, wanaakiolojia wakasema ushahidi wa umbo lake hautoshi, na jambo likaahirishwa. Mwezi Mei 2025, Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alipozuru pamoja na Rais Prabowo Subianto, kiti cha kupandia ngazi kwa umeme kilifungwa juu ya mawe, na mjadala ukawaka upya kuhusu nani anaruhusiwa nini pale juu. Aliyekumbuka mikokoteni minane ya mwaka 1896 hakushangaa sana.

Wakati huohuo watu wa kawaida wanaendelea kupanda kwa zamu, wamevaa ndara za mkadi, nyuma ya mwongozaji aliyezaliwa kijijini. Muda wa zamu ni mfupi, hautoshi kuzizunguka sakafu zote. Baadhi ya waongozaji, kabla ya kupanda, huwapitisha wageni kwanza kwenye kona ya kusini-mashariki, wakawaonyesha wapishi na wavuvi wa mawe, kisha huwaambia wageuke ili ukuta uwe upande wao wa kuume.